Tanga na mafuta kumwagika baharini: wastani wa dunia unatosha?

Mtoa mada:
Wakuu, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa kufikisha hadi mapipa 216,000 kwa siku Chongoleani, hapa Tanga, meli zije kupakia. Ukiuliza hatari unapewa takwimu za ITOPF (shirika la wenye meli za mafuta linalofuatilia mimwagiko baharini): miaka ya 1970 meli za mafuta zilimwaga tani 7 au zaidi kwa wastani mara 79 kwa mwaka, miaka ya 2010 mara 6 hivi. Sawa, sheria ya meli zenye kuta mbili imesaidia. Lakini hesabu hiyo ni ya meli za mafuta pekee. Wakashio, meli ya mizigo mikavu iliyopanda mwamba Mauritius Julai 2020 haikubeba shehena yoyote, na bado yapata tani 1,000 za mafuta yake yenyewe ziliingia baharini. Hiyo iko kwenye wastani wa nani?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, utatumia nini basi? Huwezi kungoja ajali ndipo upate data. Wataalamu huchukua matukio ya kwingine, huyagawa kwa mafuta yaliyosafirishwa, kisha hutumia Poisson (kanuni ya takwimu ya kukadiria uwezekano wa matukio adimu). Marekani mwaka 2015 ilitamka wazi kuhusu Bahari ya Chukchi, Alaska, iwapo mafuta yatachimbwa huko: uwezekano wa asilimia 75 wa mmwagiko mmoja au zaidi wa kuanzia mapipa 1,000, katika miaka 77. Namba hiyo angalau unaweza kuibishia.

Mtoa mada:
Poisson siikatai, nayo ndiyo inayonitisha. Tuseme Tanga ipite miaka 10 bila tukio. Wakubwa watatangaza kuwa hatari ni sifuri (tunawajua). Hesabu ileile inasema, kwa uhakika wa asilimia 95, kasi halisi ya matukio bado inaweza kufika 3 gawanya kwa idadi ya miaka isiyo na tukio, hapa 10, yaani 0.3 kwa mwaka. Hilo ni tukio moja kila miaka mitatu na ushei! Ukimya wa miaka michache hauthibitishi kitu, na wastani wa kuazima haujui miamba yetu wala marubani wetu wa bandari.

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnahesabu mara ngapi. Sisi wa pwani tunauliza kiasi gani. Meli ya mafuta Katina P, mwaka 1992 nje ya Maputo, ilimwaga takriban tani 67,000. Kwenye orodha yenu inaandikwa tukio moja, sawa na meli iliyomwaga tani nane. Kabla ya kubishana kuhusu kasi, nionyesheni kwanza ukubwa mmeuweka wapi.