Naomba ushauri: nitafiti betri za sodiamu au urejelezaji wa paneli za sola?

Habari zenu wakuu. Naanza shahada ya uzamili katika nishati jadidifu na nimekwama kwenye kuchagua mada.

Ya kwanza ni betri za sodiamu. Jua likizama paneli hazizalishi, upepo nao huja na kuondoka, kwa hiyo bila hifadhi ya umeme mitambo ya gesi na makaa ya mawe itaendelea kuwashwa usiku. Betri za lithiamu zimefika mbali, hata Nobel ya Kemia ya 2019 ilikwenda kwa walioziendeleza, lakini nyingi hutegemea kobalti na nikeli. Sodiamu ipo tele, mpaka kwenye chumvi. Kasoro yake ni kwamba kwa uzito ule ule hubeba nishati kidogo, ingawa kwa betri inayokaa sehemu moja sioni kama hilo ni kikwazo kikubwa.

Ya pili ni urejelezaji wa paneli chakavu. Paneli hudumu kama miaka 25 hadi 30, kisha? Fremu ya alumini hutoka kirahisi. Kazi ni kutenganisha kioo, silikoni na madini ya fedha vilivyogandishwa pamoja kwa plastiki. Hili linanigusa sana. Nishati safi inayoacha jalala kwangu bado haijakamilika.

Msimamizi wangu anashauri nifuate vifaa vya maabara vilivyopo, navyo ni vya betri. Moyo uko kwenye paneli.

Mliopita njia hii, mliamuaje? Na je, naweza kuanza na betri kisha nikahamia urejelezaji kwenye uzamivu bila kuanza upya?