Kituo cha hali ya hewa, sensa ya mto, au rula na vijana wa zamu: mtaa wa bondeni uanze na kipi?

MkaziWaKigogo

Habari zenu wakuu. Niko kwenye kamati ya maafa ya mtaa wetu, upande wa Kigogo, nyumba zilizo karibu kabisa na kingo za Msimbazi. Wanaokumbuka Desemba 2011 wanajua mto huu ukikasirika unafanya nini. Watu zaidi ya 40 walikufa Dar es Salaam, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Waliobaki bondeni ni wengi, na sisi tumo.

Tumechangishana tukapata kama milioni tatu. Kijana mmoja anataka tununue kituo kamili cha hali ya hewa: mvua, upepo, joto, unyevu, vyote unavisoma kwenye simu. Mwingine anasema sensa, yaani kifaa cha kupima kina cha maji, ifungwe darajani, itume SMS maji yakipanda. Mzee wetu mmoja anasema tupake nguzo ya daraja rangi ya kijani, njano na nyekundu, tupange vijana wa zamu, basi. Na wapo wanaosema tusinunue kitu, kwa sababu TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, inatoa tahadhari ya siku tano na mifumo ya mtandaoni ya kutabiri mafuriko ipo bure.

Naomba waliowahi kufanya kazi hizi wanisaidie kulinganisha. Hela hii ikipotea hatuipati tena.

BondeLaMaji

Mkuu, usianze na vifaa. Anza na muda. Maji yakionekana huko juu, yanachukua muda gani kufika kwenu?

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na hadi Daraja la Salender ni kilomita 35 hivi. Ni mto mfupi. Tuseme kuna daraja kilomita 12 juu yenu, na maji ya mafuriko yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde: hiyo ni saa mbili na robo. Lakini kilele cha mafuriko hukimbia kuliko jani linaloelea juu ya maji, mara nyingi karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo mna saa moja na nusu, na ndani yake kuna kupokea habari, kuihakiki, kuamsha watu na kupanda nao juu.

Sasa weka kila chaguo kwenye saa moja na nusu hiyo. Tahadhari ya TMA ni ya lazima, ndiyo inayowaambia wiki hii zamu ianze, ila haisemi mtoke saa ngapi. Mifumo ya bure ya dunia inafaa mito mikubwa kama Rufiji, inayojaa kwa siku nyingi. Kwa mto wa mjini wenye lami na mabati kila upande, haitoshi. Hata makadirio ya mvua ya setilaiti ya IMERG, yale ya haraka kabisa, hutoka yamechelewa kama saa nne.

Kituo kamili kikifungwa Kigogo kitawaambia Kigogo kunanyesha, na hilo mnalijua kabla hakijasema. Maji yanayowaingilia yalinyesha Kisarawe na Pugu wakati kwenu pengine hakuna hata tone. Upepo na unyevu havitawasaidia kwa hili.

Kura yangu ni kina cha maji, na kipimwe juu yenu, si kwenu.

FundiSola

Nafunga sola na vifaa vya kupima maji, nitasema upande wa vyuma.

Sensa za kina ziko aina tatu. Ya kuzama inapima mgandamizo wa maji. Kisimani ni nzuri sana, lakini Msimbazi una mchanga, magogo na mifuko. Mafuriko ya kwanza yataifukia au kuing'oa. Ya pili ni ya mawimbi ya sauti, inafungwa juu ikitazama maji. Hii ndiyo saizi ya mfuko wenu. Za bei ya chini kabisa zinaona mita 4 au 5 tu, kwa hiyo shusha kamba yenye jiwe kutoka darajani wakati wa kiangazi upime kabla hujanunua. Halafu joto linaidanganya. Mwendo wa sauti hubadilika karibu asilimia 0.17 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi. Umbali wa mita 5, tofauti ya nyuzi 10 kati ya mchana na usiku, kipimo kinahama zaidi ya sentimita 8 na maji hayajasogea. Ongeza sensa ndogo ya joto pembeni, programu ifanye marekebisho. Ya tatu ni ya rada. Joto haliisumbui, ni bora kuliko zote, ila itameza sehemu kubwa ya milioni tatu.

Mahali watu wanapoharibikiwa ni umeme. Moduli ya laini ya simu ikituma ujumbe inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mshtuko mfupi. Betri ikiwa dhaifu volti inaanguka, kifaa kinajizima, kinawaka, kinajaribu kutuma, kinajizima tena. Hiyo inatokea siku ya tatu au ya nne ya mawingu ya masika, yaani siku ile ile uliyokinunulia. Panga betri ivumilie siku 5 bila jua. Paneli ikae juu kabisa ya nguzo na bolti zichomelewe, la sivyo itaondoka na watu. Weka laini mbili za mitandao tofauti, na mtu mmoja mwenye jina awe na kazi ya kuangalia salio. Nimekuta kifaa kizima, betri imejaa, kimekaa kimya mvua nzima kwa sababu bando liliisha.

Kuhusu mvua: vipima vya vikombe vinavyobinuka, vingi huhesabu milimita 0.2 kwa kila kubinuka. Mvua ikiwa kali sana vikombe havifuati, kinasoma pungufu, na buibui hujenga humo ndani. Vituo vya TAHMO, vile vilivyowekwa kwenye shule nyingi za Kenya na kwingineko, vinahesabu matone na havina kitu kinachocheza. Ni vifaa safi, ila hiyo bajeti haivifikii.

NzoiaKusini

Salamu kutoka Budalang'i, Kenya. Sisi mto wetu Nzoia watoka Mlima Elgon na Cherangani, kwa hivyo maji huchukua zaidi ya siku kutufikia. Nyinyi hamna hiyo nafasi, lakini kuna jambo mnaweza kubeba kutoka kwetu.

Mzee wenu wa rangi tatu msimpuuze. Hapa Rwambwa kuna rula ya mto, nguzo yenye alama za kina cha maji, na habari ya maji hupita kwa watu wa hali ya hewa, chifu, wazee wa vijiji na Bulala FM, redio ya jamii. Kule Búzi, Msumbiji, wanakijiji wenyewe walifundishwa kusoma vipima mvua vya mkono na rula zenye rangi, na bendera za rangi zikapandishwa kuonya watu. Ukitangaza "mita 4.2", mtu anageuka upande wa pili kulala. Ukitangaza "maji yatafika kwenye mti wa mwembe wa msikiti", anabeba godoro. Kwa hivyo kabla ya mvua, tembeeni na wakongwe wa mtaa, wawaonyeshe maji yalifika wapi miaka ile, mpake alama ukutani, mzifunganishe na alama za darajani.

Na jihadharini: kwetu kuna matuta ya kuzuia mto. Tuta likipasuka, rula haikuambii, kwa sababu hapo maji ya mtoni yanashuka na yako shambani kwako. Lazima kuwe na watu wanaotembea juu ya tuta. Kama kwenu kuna kuta za mfereji au kalavati zinazoziba, ni hivyo hivyo.

MamaWawili

Samahani kaka zangu, naona mnaongea vyuma. Nakaa Jangwani. Maji yalipotuingilia ilikuwa usiku, umeme umekatika, simu ya kwangu haina chaji na ya jirani imezama. Hiyo SMS ingemkuta nani? Mama yangu hasikii vizuri na hatembei. Aliyemtoa ni mpangaji wa nyumba ya nyuma, kijana wa watu, alivunja dirisha.

Mkazi wa Kigogo, kwenye hiyo milioni tatu andika kwanza orodha ya nyumba zenye wazee, wagonjwa, wajawazito na wachanga, na kila nyumba iwe na kijana wake anayejua mlango uko upande gani. Tochi, mabuti, filimbi. Msikiti una kipaza sauti, kitafutiwe betri.

MkaziWaKigogo

Dada yangu, pole sana, na asante. Hilo la orodha kamati haikuwa nalo kabisa.

Sasa naogopa kengele za uongo. Tukiamsha watu saa nane usiku mara mbili maji yasije, mara ya tatu nani atatoka?

MamaWawili

Mimi niamshe. Hata mara kumi.

FundiSola

Kifaa kisipige king'ora kwa kipimo kimoja. Mfuko wa plastiki ukining'inia chini ya sensa, itasoma maji yamepanda. Kipimo kirudiwe kila dakika 5, vitatu mfululizo vikubaliane, kisha ujumbe uende kwa vijana wa zamu, waende na tochi waangalie rula. Rula ndiyo shahidi. Wakithibitisha, king'ora. Wasipopokea simu ndani ya dakika 10, king'ora kilie chenyewe. Hilo la mwisho msiliondoe, maana watu hulala.

NzoiaKusini

Na asubuhi yake mkutane na watu muwaeleze: maji yalifika alama gani, kwa nini tuliwaamsha, kwa nini hayakufika. Wakielezwa hawakasiriki.

MtotoWaMulongwe

Jambo wandugu. Miye niko Uvira, Kivu ya Kusini, na sikubali kwamba kina cha maji ndiyo jibu pahali pote. Mulongwe inashuka kutoka milima mpaka Ziwa Tanganyika kwa mteremko mkali. Mwezi wa nne 2020 ilishusha mawe makubwa na matope usiku, ikabeba manyumba na watu. Kwa mto wa namna ile, kungojea maji yapande kwenye daraja ni kuchelewa, na rula yenyewe inaenda. Kwetu ni kupima mvua kule juu mlimani, na mtu wa kule apige simu kabla mto haujabadilika.

BondeLaMaji

Ndugu wa Uvira yuko sahihi, na si kwenu tu. Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, kilichoshuka Katesh kilikuwa matope ya mlima, na rula ya mto isingeokoa mtu. Mai Mahiu, Kenya, 29 Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake kuziba, kisha yakapasuka kwa mara moja. Kutokana na hilo, kila mfumo wa kina cha maji uwe na kanuni ya pili: mvua inaendelea halafu mto unapungua ghafla, hiyo ni hatari, kuna kitu kimeziba juu.

Kwa Msimbazi bado nasema kina kwanza, lakini ongeza vipima mvua viwili vya mkono kule juu, shuleni au kwa mlinzi anayekesha. Ni vya bei ndogo. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, mtu yeyote anaelewa. Kawaida husomwa saa 3 asubuhi. Mvua kali ikianza, asome kila nusu saa na apige simu. Ukubwa wa hatari unaupata hivi: eneo la kilomita za mraba 10, mvua ya milimita 60 kwa saa, asilimia 60 yake ikitiririka, ni mita za ujazo 100 kwa sekunde zinazokuja mtoni. Linganisha na upana na kina cha mfereji wenu.

Na kwa walio chini zaidi, Jangwani hadi Salender, jedwali la maji kujaa na kupwa baharini libandikwe ofisi ya mtaa. Bamvua, yaani bahari ikijaa kupita kawaida, ikikutana na mafuriko, mto hauna pa kutokea, na alama ya njano inapaswa kuhesabiwa kama nyekundu.

MkaziWaKigogo

Basi kituo kamili tumekiacha. Nitapeleka kwenye kamati hivi: rula za rangi madaraja mawili, sensa moja ya mawimbi ya sauti juu yetu, vipima mvua viwili vya mkono, betri ya kipaza sauti, orodha ya nyumba na vifaa vya vijana. Tuna ruhusa ya kufanya haya?

BondeLaMaji

Daraja lina mwenyewe, wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, mwombe kwa barua. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ijue mnapima mto, huenda wakawasaidia kuweka sifuri ya rula. Sheria ya TMA ya 2019 inawahusu mkiweka vituo vya hali ya hewa, na utabiri ni kazi yao, kwa hiyo vipima mvua visajiliwe kwao na msitangaze "kesho mvua kubwa" kwa jina la mtaa. Kusema "maji yamefika nyekundu darajani, tokeni" ni kueleza mnachokiona. Barua zote zipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata.

FundiSola

Siku ya kufunga, sensa ikae upande wa daraja ambao maji yanashukia baada ya kupita chini yake, maana magogo hupiga upande wa juu. Iwe mbali na nguzo, maji hujikunja pale. Na chora alama ya sifuri kwenye zege kwa tindo, rangi huoshwa. Mvua ndogo ndogo za mwanzo zitumieni kupima muda: kijana wa daraja la juu apige simu maji yakigusa njano, mwandike saa, mwandike na saa yanapofika kwenu.