Mtoto wa mwaka 1 na miezi 4 hashibi, nimpe nini?

Mama Kibonge
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume ana kilo 10.1, kwenye kadi ya kliniki bado yuko kijani. Bado ananyonya. Asubuhi anakunywa uji wa lishe kikombe kizima, mchana wali na mchuzi, jioni uji tena, usiku ugali kidogo. Nusu saa baada ya uji analia, anafuata sufuria. Nikimwongezea kikombe cha pili anatapika. Unga una mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Naombeni ushauri.

Lishe_Moro
Pole mama. Anatapika kwa sababu tumbo limejaa, analia kwa sababu kilicholijaza ni maji. Tumbo la umri huu hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo lake halipiti sana mililita 300. Kikombe kimoja cha uji wako unaweka vijiko vingapi vya unga?

Mama Kibonge
Viwili vya chakula. Ukiwa mzito anautema.

Lishe_Moro
Basi tatizo liko hapo. Vijiko viwili ni kama gramu 20 za unga, yaani kilokalori 70 hivi. Mtoto wa umri wake anayenyonya anahitaji kama 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Kwa uji huo hafiki hata ukimnywesha kutwa.

Ongeza unga hadi vijiko vinne kwa kikombe. Uji ukiuchota na kuinamisha kijiko, udondoke taratibu kwa mabonge, usitiririke kama chai. Ukishaepua, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula: hicho peke yake kina kilokalori kama 40, na tumbo halihisi kama kimeongezeka kitu. Siagi ya karanga isiyo na sukari nayo ni nzuri.

Kama anakataa uji mzito, tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue. Anika ukauke kabisa, pukusa vile vichipukizi, saga. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea. Baada ya dakika chache utaona umelainika bila kuongeza tone la maji. Uchemshe tena kidogo kuua vijidudu. Ukikitia wakati uji unatokota hakifanyi kazi, moto unakiharibu.

Baba Nuru
Nikazie hapo kwenye unga. Kuchanganya nafaka nne hakumpi nguvu zaidi ya nafaka moja, zote ni wanga. Karanga ikisagwa pamoja na nafaka inachacha mapema, na soya isiyokaangwa vizuri inasumbua tumbo. Tena punje chache zenye ukungu zinatosha kuharibu debe zima: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Saga nafaka moja au mbili. Karanga zichambue, zikaange, zitwange kidogo kidogo, utie kwenye uji ukikaribia kuiva. Dagaa weka kwenye mboga ya mchana, waliotolewa vichwa na kutwangwa. Karanga nzima usimpe, zinapalia.

Nesi_Kliniki
Mchuzi pia uangalie. Wali uliolowa mchuzi mtupu haumshibishi, mpe nyama au maharage yenyewe yaliyopondwa. Milo iwe mitatu au minne, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, na katikati vitafunwa viwili: parachichi, ndizi mbivu, yai la kuchemsha, kiazi kitamu. Juisi na biskuti ziache, zinamuulia hamu ya chakula halafu njaa inarudi upesi. Chai ya rangi usimpe kabisa, inazuia madini ya chuma.

Akifikisha mwaka anaanza dawa ya minyoo kila baada ya miezi sita. Angalia kwenye kadi kama alipewa. Ukiona anakula udongo, viganja vimepauka, au mstari wa uzito umelala miezi miwili mfululizo, mpeleke apimwe damu. Akiwa na njaa kali huku anakonda, anakunywa maji mno na kukojoa mno, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, nenda hospitali siku hiyohiyo apimwe sukari.

Mama Kibonge
Asanteni sana. Kunyonya je? Anataka ziwa kabla ya kila mlo.

Nesi_Kliniki
Usimwachishe, endelea mpaka miaka 2 na kuendelea. Mchana mpe chakula kwanza, ziwa baadaye. Usiku na alfajiri anyonye anavyotaka.