Mjadala: Kodi ya muzigo (chumba kimoja cha kupanga) Kampala, tumbane mwenye nyumba au tuinue mshahara?

Mpiga Hesabu: Tuanze na mshahara unaojulikana. Mwalimu wa msingi wa daraja la tatu analipwa shilingi 499,684 kwa mwezi. PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, haigusi 235,000 za kwanza. 100,000 zinazofuata hukatwa asilimia 10, 75,000 baada ya hapo asilimia 20, na zilizobaki asilimia 30. Jumla ya makato ni 51,905, mkononi zinabaki 447,779. Tuseme kodi isizidi theluthi ya hizo: theluthi yake haifiki hata 150,000, na kwa pesa hiyo unapata muzigo, chumba kimoja, choo cha kugawana. Huyo ana ajira ya serikali! Kima cha chini cha mshahara kisheria bado ni 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 nayo imeweka ukomo: kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Je, inatosha?

Mwenye Mizigo: Ndugu, piga na hesabu ya upande wa pili. Chukua vyumba kumi vya 150,000: milioni 18 kwa mwaka, kama hakuna kilichokaa wazi. Ushuru wa pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kila kinachozidi 2,820,000, na tangu 2022 huruhusiwi kutoa gharama yoyote, hata rangi ya ukuta. Hapo ni 1,821,600. Tuseme ujenzi umekula milioni 120 za mkopo kwa riba ya asilimia 18. Riba peke yake ni 21,600,000! Kodi yote haifikii riba. Ndiyo maana mizigo hujengwa kwa akiba, matofali mwaka huu, mabati mwaka ujao, na vyumba haviongezeki upesi kama wapangaji.

Wakili wa Mtaani: Mzee, hapo kwenye riba sikupingi. Lakini huo ukomo wa asilimia 10 hauwazuii wenye nyumba kama watu wanavyodhani. Kwanza, kodi ya 200,000 ikipanda asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka mitano ni 322,102, na hakuna sheria iliyovunjwa. Pili, mpangaji mpya atajuaje aliyetoka alilipa ngapi? Mwenye nyumba akitaka kupandisha kwa asilimia 30, humchosha aliyepo mpaka ahame: maji hayatoki, taa ya uani haiwashwi. Tatu, mkataba wa thamani ya 500,000 na zaidi ndio unaotakiwa uandikwe. Muzigo wa kulipwa mwezi kwa mwezi, mapatano ni ya mdomo.

Kwa hiyo mpangaji ajitengenezee ushahidi mwenyewe. Lipa kwa simu, si mkononi, na kwenye sababu ya malipo andika mwezi na namba ya chumba. Ukiambiwa kodi inapanda, omba ujumbe wa maandishi. Ukifungiwa mlango kwa kufuli, kumbuka kufukuza mpangaji kunahitaji amri ya mahakama. Piga picha, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, siku hiyo hiyo akuandikie barua.

Dada wa Kireka: Wakili umesahau kizingiti cha kuingia. Miezi mitatu mbele, juu yake mwezi mmoja wa broka, yaani dalali. Muzigo wa 150,000 unadai 600,000 kabla hujabeba godoro. Mwalimu wa hapo juu hana, hata asipokula mwezi mzima. Atakopa, na deni hilo halionekani kwenye hiyo theluthi yenu. Kwangu mimi, kupiga marufuku malipo ya zaidi ya mwezi mmoja kwa vyumba vya bei ya chini kungesaidia kuliko huo ukomo.

Mwenye Mizigo: Na akihama usiku na deni la miezi miwili, dada, nimfuate wapi?

Dada wa Kireka: Dhamana ya mwezi mmoja, ishikwe na mtu wa tatu. Si miezi mitatu mfukoni mwako.

Mpiga Hesabu: Kuna wanaosema "hamieni mbali, kuna nafuu." Sensa ya 2024 ilikuta watu kama milioni 1.8 Kampala, na milioni 3.4 Wakiso, wilaya inayoizunguka, kwa hiyo wengi wameshahama. Nauli ya taksi (basi dogo la abiria) ikiwa 2,500 kwa safari, siku 26 za kazi ni 130,000. Chumba cha 100,000 huko kinakugharimu 230,000. Cha 200,000 karibu na kazi ni nafuu, mradi upate hiyo 800,000 ya kuingilia. Na nauli ya siku moja, 5,000, inakaribia kula kile kima cha chini cha mwezi mzima.

Wakili wa Mtaani: Basi swali kwa mwenye mizigo: ukiruhusiwa kutoa gharama za matengenezo kwenye ushuru, utakubali kodi za vyumba vyako ziandikwe kwenye daftari la wazi la LC1?

Mwenye Mizigo: Nikiruhusiwa kutoa na riba ya benki, leteni daftari hata kesho.