Wanafunzi wa masta, Bayes na JAGS: nifanyeje wasikopi na kupesti tu?

mwl_wandegeya
Habari zenu jamani. Nafundisha takwimu wanafunzi wa masta hapa Kampala, wengi ni manesi na watu wa afya wa wilaya, wanakuja wikendi tu tena wamechoka, na mwezi ujao nina Jumamosi mbili za kuwaingiza kwenye mambo ya Bayes, yaani takwimu za kuanza na unachoamini afu unakirekebisha kwa data. Mwaka jana nilianza na fomula ubaoni afu nikarukia JAGS, ile programu inayochota sampo za jibu, wakakopi wakapesti, namba zikatoka nzuri kila mtu akafurahi. Siku ya kupresenti nikamuuliza mmoja hizi sampo elfu kumi ni za nini, akanijibu ni wagonjwa elfu kumi. Banange! Data yake ilikuwa watu 20. Nilikosea wapi? Na je nihamie Stan, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, au nibaki na JAGS?

nakato_takwimu
😂😂 Pole mwalimu. Ila huyo simlaumu, sisi wenyewe vyote viwili tunaviita sampo.

Mi siku hizi asubuhi ya kwanza kompyuta naikataza kabisa. Nabeba kaveera ya maharage, mekundu na meupe, na kabla hatujagusa kitu kila mtu anaandika kwenye karatasi anadhani mekundu ni sehemu gani ya mfuko, hiyo ndo praya yake, imani ya kabla ya data, na hapo wanabishana kweli kweli. Afu tunachota moja moja tukirudisha, mara 20, tuseme mekundu yametoka 6. Hesabu ni ya mkono, praya unaiandika Beta ya namba mbili, ya kwanza unaongeza mekundu 6, ya pili meupe 14: aliyeanza na Beta(1,1), yaani hana upande, anaishia Beta(7,15), wastani 7 kwa 22, kama 0.32. Aliyeanza na Beta(2,8) kwa kuwa aliamini mekundu ni machache anaishia Beta(8,22), karibu 0.27. Mchana ndo wanafungua JAGS na kuipa swali lile lile. Mashine ikirudi na 0.32 ambayo tayari wanayo kwenye daftari, hapo ndo wanashtuka kwamba zile elfu kumi si maharage, ni makisio elfu kumi ya ile sehemu ya mekundu, maharage yenyewe yamebaki 20 vile vile.

boda_wa_data
Maharage sawa lakini hao watu wazima ssebo, watakuona unawachezea. Wape majibu ya vipimo vya malaria, hesabu ni ile ile.

Stan nzuri, ila kwa laptopu zao usithubutu, kila modeli lazima ikompailiwe kwanza na kwenye Windows inataka Rtools, vifaa vya kukompailia, Jumamosi nzima itaishia kwenye kuinstoli, na umeme ukikatika ndo basi. JAGS ni ndogo, iweke kwenye flashi, ila iingie yenyewe kwanza ndo rjags, paketi ya kuiita kutoka R, ifuate.

Afu kuna mtego. Kwenye dnorm ya JAGS namba ya pili si standadi divieshen wala varianse, ni presisheni, yaani 1 gawanya kwa varianse. Mwanafunzi wangu alitaka praya iliyolegea akaandika dnorm(0, 1000), kumbe kaifunga kwa misumari, standadi divieshen 0.03 tu! Matokeo ya neti za mbu yakaganda kwenye sifuri, kidogo aandike kwenye tasnifu kwamba neti hazisaidii. Alitaka dnorm(0, 0.001). Stan yenyewe inatumia standadi divieshen, kwa hiyo anayehama na modeli yake huku na huku ataumia.

nakato_takwimu
@boda_wa_data watu wazima ndo wanabishana zaidi, jaribu uone

okello_cheni
Mwalimu, Jumamosi ya pili waache waharibu kitu. Ile ya maharage haiharibiki, JAGS inachota jibu moja kwa moja kwa hiyo cheni, ile mifululizo ya sampo, zinachanganyika papo hapo na mtu anadhani maisha ni hivo siku zote. Wape rigresheni ya kawaida yenye mwaka kama kigezo, 2010 mpaka 2020, uweke mwaka mzima mzima bila kupunguza kitu, na moduli ya glm, inayochota intasepti na slopu kwa pamoja, usiipakie. Cheni tatu zianze mbali mbali. Utaona zinatambaa kama taksi za Old Taxi Park saa kumi na moja jioni, kila moja na njia yake, Rhat, kipimo cha kama cheni zinakubaliana, iko juu kabisa ya 1. Afu waambie wapunguze 2015 kwenye kila mwaka, 2010 iwe -5, warudie. Zinachanganyika hapo hapo. Data haijabadilika hata moja. Usiwaeleze sababu, waache wachore intasepti na slopu kwenye grafu moja, ule mstari mwembamba wa mshazari utawaambia wenyewe.

mwl_wandegeya
Asanteni sana, nabaki na JAGS. Hiyo ya 2015 sikuwahi kuifikiria, na nikiangalia noti zangu za mwaka jana mi mwenyewe niliweka mwaka mzima mzima 🙈. Maharage nanunua Kalerwe Ijumaa, kilo mbili zinatosha watu 18?

nakato_takwimu
Zinatosha na baki unapika