Filamu ya Jour de fête ya Jacques Tati: ya rangi au nyeusi na nyeupe, ipi ioneshwe?

Mleta mada: Wakuu, mimi nasema ya rangi, ile iliyotoka 1995. Tati aliiongoza, alishiriki kuiandika, na ndiye aliyemwigiza tarishi François mwenyewe. Rangi zilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Walipopiga picha Sainte-Sévère, Ufaransa, mwaka 1947, milango ya kijiji ilipakwa kijivu kizito na wanakijiji wakavishwa nguo za giza, ili rangi ziingie na tamasha la bembea na kuondoka nalo. Angalia trela la farasi wa mbao linavyofika. Kwenye nyeusi na nyeupe, tamasha na kijiji vyote ni kijivu kimoja. Nusu ya kazi imefutika!

Mchangiaji wa 1: Milango sawa, mkuu, ila usiruke historia. Filamu iliyompa Tati jina 1949 ni nyeusi na nyeupe, iliyopigwa na kamera ya pili iliyowekwa kando ya ile ya rangi kama akiba. Mwaka 1964 aliirudia mwenyewe: akamwongeza kijana mchoraji, akatia rangi kwa mkono sehemu chache tu. Amefariki 1982. Hiyo ya 1995 hakuiona wala hakuikata.

Mleta mada: Alitia kwa mkono kwa sababu rangi zenyewe zilikwama kiwandani. Huo haukuwa uamuzi wa kisanii.

Mchangiaji wa 2: Zilikwama kwenye kunakili. Mkanda wa Thomsoncolor, mfumo wa rangi uliotumika hapo, hauna rangi ndani yake, ni nyeusi na nyeupe. Mgongo wake una matuta membamba sambamba, zaidi ya 20 kwa milimita moja, na kila tuta ni lenzi. Kwenye lenzi ya kamera unafunga kichujio cha mapande matatu: jekundu, kijani na buluu. Tuta linapeleka mwanga wa kila pande kwenye mstari wake. Projekta nayo inataka kichujio cha namna hiyo hiyo. Sasa nakili: mistari ya zamani ikikosa kulingana na matuta mapya hata kidogo, rangi zinaingiliana. Kampuni ikashindwa kutoa nakala za kupeleka kwenye majumba ya sinema.

Sophie Tatischeff, binti wa Tati, pamoja na mpigapicha François Ede ndio waliozitoa rangi kwenye mikanda ile na kuzihamishia kwenye filamu ya kisasa. Kwa hiyo wekundu unaouona ni mwanga wa 1947, haukupakwa. Ila ukolezo wake uliamuliwa maabara bila Tati, na hapo namwelewa mwenzetu. Tena kamera mbili hazikai sehemu moja, hivyo hata pembe za picha zinatofautiana.

Mchangiaji wa 1: Basi ni kazi mbili tofauti, ndicho ninachokisema.

Mleta mada: Na mimi bado nachagua ile yenye sababu ya kupaka milango.

Mchangiaji wa 2: Chagueni, lakini tangazo liseme ni nakala ya 1949, 1964 au 1995. Kubandika "1949" halafu ukaweka ya rangi ni kumdanganya aliyelipa kiingilio.