Mjadala: Utaratibu wa viti vya wanawake kwenye mabasi ya Uturuki unamlinda msafiri wa peke yake, au unamfungia njia?

Zeituni (mleta mada)

Wakuu na dada zangu, salaam. Wanawake wengi wa kwetu sasa wanaingia Uturuki peke yao. Wapo wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata nguo Laleli na Merter, mitaa ya biashara ya Istanbul, wapo wanafunzi, na wapo wanaoshuka kusini hadi Antalya kutembea tu. Kule kuna jambo ambalo kwetu halipo. Ukikata tiketi ya basi la masafa marefu unaulizwa jinsia, na mwanamke aliye peke yake hauziwi kiti cha pembeni ya mwanaume asiyemjua. Ni utaratibu wa kampuni za mabasi na umeota mizizi. Mengine yakafuata: mwaka 2014 Antalya ilifungua ufukwe wa wanawake watupu pale Sarısu, na mwaka 2017 mji wa Malatya ukatoa basi la umeme la wanawake, la rangi ya waridi.

Nauliza: kutengwa huku kunamsaidia msafiri, au kunampunguzia njia na hatari inabaki palepale? Naomba hoja za kushikika. Habari za "Waturuki wazuri, Waturuki wabaya" hazimsaidii aliyeshika tiketi.

Mtaa wa Laleli

Kunamsaidia sana. Istanbul hadi Antalya ni kama kilomita 700, basi linachukua saa 11 hadi 13, na wengi husafiri usiku. Taa zinazimwa, watu wanalala. Unyanyasaji wa kwenye basi hauanzi kwa kelele. Unaanza na goti linalosogea kidogo kidogo, kisha mkono wa mtu anayejifanya amelala. Ukiwa dirishani na yeye kakaa upande wa njia, ameshakuziba. Pembeni yako akikaa mwanamke mwenzako, hilo limekwisha kabla safari haijaanza, bila wewe kugombana na mtu kwa lugha usiyoijua.

Ila utaratibu huu unamlinda aliyekata tiketi sawasawa. Kwenye tovuti weka alama palipoandikwa "T.C. vatandaşı değilim", yaani wewe si raia, ndipo nafasi ya namba ya pasipoti ifunguke. Kwenye jinsia chagua "Kadın". Wageni wengi huteleza hapo, wanabonyeza "Erkek" na mfumo unawahesabu wanaume. Matokeo yake, ukipanda unakuta kiti cha pembeni kimeuzwa kwa mwanaume, na muavin, yule kondakta, anaanza kuhamisha watu wakati basi linataka kuondoka. Ukiwa na rafiki au ndugu wa kiume, kateni tiketi zote mbili kwa pamoja, mtakaa pamoja bila shida. Mkikata mbalimbali mfumo hauwezi kujua kuwa mnajuana.

Mabasi mengi ya masafa yamepangwa 2+1, viti viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili. Hicho kimoja, tekli, ndicho cha kuwahi. Pia piga hesabu kuanzia saa ya kufika. Ukiondoka Istanbul saa 9 alasiri utashushwa Antalya kama saa 9 usiku, tramu hazitembei na kituo kimepoa. Ondoka saa 2 usiku, utafika asubuhi kweupe na tramu ya AntRay inapita palepale kituoni.

Kigego

Ndugu yangu wa Laleli umeeleza vizuri faida, sasa tuangalie gharama, maana anayeilipa ni mwanamke huyohuyo.

Basi la 2+1 lina viti kama 40, na theluthi tu ndiyo ya mtu mmoja mmoja. Hivyo ndivyo vinavyokwisha kwanza. Vinabaki vya wawili wawili. Tuseme safu 8 zina mwanaume mmoja mmoja aliyekaa peke yake: hapo kuna viti 8 vitupu ambavyo mwanamke hauziwi. Mwanaume akifungua ukurasa uleule anaviona na anakata. Siku za kawaida utasubiri basi la saa inayofuata. Siku za kuamkia Sikukuu, Ramadhani au Kuchinja, nchi nzima ikiwa barabarani, basi linalofuata ni la kesho. Mwanamke anabaki kituoni usiku kwa sababu ya kanuni iliyowekwa kwa ajili ya usalama wake.

La pili ni zito zaidi. Ukitenga kiti kimoja unawaambia watu kwamba kwingineko kote mwanamke aliyekaa na wanaume kajitakia. Basi la waridi lilipotoka Malatya, wanaharakati wengi wa kike wa Kituruki walilipinga kwa hoja hiyohiyo: kesho anayesumbuliwa kwenye basi la kawaida ataulizwa mbona hukupanda lako. Mimi nawaelewa kabisa.

Mama Salha

Wanangu, nyote mnabishania saa 12 za kwenye basi kubwa. Pale kuna kondakta, kuna abiria 40, kuna orodha ya majina na namba za pasipoti. Mimi naogopa dakika 20 za mwisho, kutoka kituoni hadi mlango wa hoteli.

Kumbukeni Özgecan Aslan. Alikuwa binti wa miaka 19, mwanafunzi, mkoani Mersin, pwani hiyohiyo ya Mediterania. Tarehe 11 Februari 2015 alikuwa anarudi nyumbani kwa basi dogo, abiria wakashuka mmoja mmoja hadi akabaki yeye na dereva. Aliuawa. Wanawake walijaa barabarani nchi nzima. Hakuna kanuni ya viti ingemwokoa, kwa sababu basi zima lilikuwa limeshakuwa tupu.

Kwa hiyo kwenye dolmuş, vile vibasi vidogo, usikubali kubaki abiria wa mwisho baada ya magharibi. Wakishuka wanawake wengine penye maduka na taa, shuka nao, hata kama kituo chako ni cha mbele, kisha chukua usafiri mwingine. Tena usikae mbele na dereva. Kaa karibu na mlango. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono, kwa hiyo huna haja ya kumsogelea.

Basi la masafa likisimama kwa mapumziko, muulize muavin ni dakika ngapi, mara nyingi huwa 30. Piga picha namba ya gari kabla hujaondoka, maana vituo vile hujaa mabasi ya rangi moja. Chooni nenda na wenzako. Na mkiwa Istanbul, mabasi ya manispaa yanamruhusu mwanamke, kuanzia saa 4 usiku, kumwomba dereva amshushe kati ya kituo na kituo ili apunguze mwendo wa miguu. Hilo nalipenda: halimtengi na mtu, linamfikisha karibu na mlango wake.

Nanga

Shikamoo Mama Salha. Naongeza upande ambao vitabu vya watalii havina, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Mwanamke mweusi akiwa peke yake Laleli au mtaa wa jirani wa Aksaray jioni, wapo wanaume watakaomfikiria anauza mwili, na watamwuliza bei waziwazi. Kufunika kichwa hakuliondoi hilo, maana wanaangalia ngozi na mtaa. Kwa hiyo hoteli ya bei chee kwenye vichochoro vya Aksaray inaweza kukugharimu zaidi ya ile ya barabara ya tramu. Ongeza kidogo, lala penye mapokezi yanayokesha.

Pasipoti halisi itembee nawe, pamoja na viza iliyochapishwa. Tangu mwaka 2023 Istanbul ina magari ya uhamiaji yanayosimama mitaani kukagua wageni, na anayekutwa na picha ya simu tu anaweza kupotezewa nusu siku. Iweke kwenye mfuko wa ndani wa nguo. Mkoba hukwapuliwa, na mfanyabiashara mwenye dola za mzigo anajulikana kwa namna anavyoushika. Fedha zigawe sehemu tatu, na ubadilishe dukani palipoandikwa "döviz", usiende na mtu wa njiani anayekuahidi bei nzuri ghorofani.

Teksi: za Istanbul namba zake huanza na 34 T. Soma namba kwa sauti kwenye simu kabla hujapanda, kwa Kiswahili, dereva atajua unafanya nini. Akikwambia usiku kuna bei ya usiku, mkatalie, hiyo ilifutwa Istanbul miaka mingi iliyopita. Mita ikigoma, shuka penye watu. Malalamiko ya teksi ni simu 153, nao watataka namba ya gari na saa. Ukitua uwanja wa ndege usiku wa manane metro imeshafungwa; mabasi ya Havaist yanaendelea na yapo yanayokuja Aksaray.

Wakili wa Pwani

Naomba tuingize sheria, kwa sababu mleta mada kauliza kuhusu hatari kubaki palepale. Uturuki ilikuwa nchi ya kwanza kuridhia Mkataba wa Istanbul wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, na ilijitoa kwa amri ya Rais mwezi Machi 2021, ikaanza kutumika 1 Julai mwaka huo. Wengi wakadhani ulinzi wote umekufa. Haukufa. Sheria namba 6284 ya mwaka 2012 ipo, na Kanuni ya Adhabu ipo. Maneno na ishara za kingono bila kugusa ni kifungu cha 105: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, au faini. Akikugusa unahamia kifungu cha 102, na hata mguso wa ghafla wa mara moja unabeba miaka 2 hadi 5.

Kesi hizi zinakwama wapi? Aina hizi za msingi zinasubiri mlalamikaji mwenyewe, na muda ni miezi 6. Msafiri anasema "nina ndege kesho" na anaondoka kimya. Piga 112, ndiyo namba moja ya dharura zote. Ukifika karakol, kituo cha polisi, dai mkalimani, ni haki yako na hulipii. Usitie sahihi maelezo ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa, na omba nakala. Kisha waambie polisi papo hapo wachukue picha za kamera, za basi au za duka la jirani, kwa sababu hufutika zenyewe baada ya muda mfupi. Ushahidi mwingi hupotea hapo.

Na kuna dada zetu waliozidisha muda wa viza. Wao wakienda kulalamika wanaogopa kuishia kituo cha kurudisha wageni, na hofu hiyo ina msingi. Wanaowasumbua wanalijua hilo. Kiti cha pembeni ya mwanamke hakiwafikii hawa kabisa, na naomba tusiwasahau tunapobishana.

Mtaa wa Laleli

Wakili, nimekuelewa. Lakini hoja yako inanipa nguvu mimi. Kama mlalamikaji ana miezi 6, mkalimani na kamera zinazofutika, basi kosa lisilotokea ni bora kuliko kosa linaloshtakiwa. Mwanamke anayerudi Dar kesho hana muda wa mahakama. Kiti kinafanya kazi usiku uleule.

Na Kigego, ule ufukwe wa Sarısu, wapo wanawake wa Kituruki wanaovaa hijabu ambao hawakuwahi kuogelea baharini mpaka upate kuwepo. Ufukwe wa Konyaaltı, wa watu wote, uko pale jirani, haukufungwa. Kuongeza mlango si kufunga mwingine.

Kigego

Ufukwe nakubaliana nawe, kwa sababu anayetaka anaenda na asiyetaka anabaki Konyaaltı. Basi haliko hivyo. Kwenye basi mwanamke haulizwi. Kama lengo ni yeye, fomu iweke swali moja la ziada: "Unakubali kukaa pembeni ya mwanaume?" Anayekataa alindwe kama ilivyo sasa. Anayekubali, kwa sababu mwanawe anaumwa Antalya na basi la kesho halimfai, auziwe kile kiti.

Zeituni

Kigego, mpaka fomu hiyo ije, aliyekwama usiku wa kuamkia sikukuu afanye nini?

Kigego

Aache tovuti. Aende mwenyewe kwenye dirisha la kampuni kituoni, Istanbul ni Esenler, metro ya M1 inashusha pale pale kituo kinachoitwa Otogar. Mfumo wa mtandaoni hauwezi kuhamisha abiria waliokwisha kulipa, karani anaweza. Amwambie kwamba anataka safu mbili zenye mwanaume mmoja mmoja ziunganishwe, wanaume wakae pamoja na safu moja ibaki wazi. Karani atawapigia simu au atawahamisha wakifika. Aende masaa 3 kabla basi halijaondoka, kwa sababu dakika 30 za mwisho hakuna karani atakayemsikiliza, na kampuni ya kwanza ikikataa madirisha ya kampuni nyingine yako jirani.